Vifaranga wa Wabwire Watalalia Nini

Jumatatu, Machi 3

Vifaranga wanakuja Jumamosi na bado hatujakubaliana watalalia nini.

Banda limekwisha. Limesimama nyuma ya nyumba yangu hapa Mamboleo, Kisumu, kati ya tangi la maji na ukuta wa Mama Benta: mabati juu, waya ubavuni, saruji chini. Wabwire amelijenga peke yake. Kazi ya siku mbili imemchukua karibu mwezi, maana anapiga misumari michache, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anahema, kisha anainuka tena. Mimi napita na madaftari yangu ya kusahihisha kama mtu asiyeona. Mdogo wangu huyu akihisi anaonewa huruma, hukasirika mpaka kesho yake.

Mimi nilisema saruji inatosha, nitafagia kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

"Dada, wewe ungelala juu ya saruji mvua ikinyesha?"

"Mimi si kuku."

"Basi usiwaamulie kuku."

Alikuwa fundi wa friji Eldoret, kwa hiyo habari za baridi anazijua kuliko mimi. Mwaka jana figo zake zote mbili ziliacha kufanya kazi, akaja kwangu na sanduku la nguo na begi la spana. Kila Jumanne na Ijumaa anakwenda hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Tunaomba iwe ni mpaka Juni tu. Kaka yetu Wandera, yule mwenye duka la mabati na misumari Bondo, alipimwa mwezi wa kwanza, ikaonekana figo yake inamfaa Wabwire. Mimi walinikataa mapema kwa sababu ya presha. Binamu wawili nao hawakufaa. Kilichobaki ni Wandera aje afanyiwe vipimo vya mwisho, kisha wapange siku ya upasuaji.

Amesema atakuja wiki hii.

Alhamisi, Machi 6

Nimerudi shuleni nikakuta veranda imekuwa maabara. Wabwire amepanga mafungu manne: mchanga, vumbi la mbao, maranda kutoka kwa maseremala wa njia panda, na maganda ya mpunga ambayo dada yake Mama Benta ametuma kutoka Ahero. Kila fungu alilimwagia kikombe cha maji, akaketi kuliangalia.

Mama Benta alikuwa amening'iniza mikono juu ya ukuta kama kawaida yake. Mwanamke huyu hakuna jambo la kwangu linalompita. "Mwalimu," akaniita, "kuku ya mama yangu ililala kwa majivu tu na ikakua. Hii yenu ni kuku ama ni bibi harusi?"

Wabwire akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatueleza, akinyoosha kidole kama mimi darasani. Mchanga ni baridi, vifaranga watajikunyata. Vumbi la mbao watalidonoa wakidhani ni chakula, na litatuziba pumzi sisi wote. Maganda ya mpunga hayanywi maji, yanayapitisha tu mpaka chini. Maranda yanakunywa, halafu yanakauka. Alichota konzi moja ya maranda yaliyolowa, akayafinya, akafungua kiganja. Yalisimama kidogo, yakamomonyoka.

"Yakibaki donge, yamelowa kupita kiasi, unayatoa. Yakimomonyoka hivi, waache walale."

Nilichokuwa nikitazama ni mkono wake, ulivyovimba. Na nilikuwa nikifikiria yale maji. Yeye haruhusiwi kunywa zaidi ya vikombe vichache kwa siku, kwa sababu mwili wake hauna pa kuyapeleka. Leo amekaa mchana kutwa akiyamwagia maranda.

Jumamosi, Machi 8

Wamekuja! Hamsini, kwenye katoni yenye matundu. Wabwire alitandika maranda mapema, akayasawazisha kwa kiganja kama anatandika kitanda cha mtoto. Alipowamimina walisimama wakishangaa, halafu mmoja akaanza kukwaruza, kisha wote.

Wandera hakuja. Kuna mzigo wa mabati unashushwa dukani.

Ijumaa, Machi 14

Mashine leo ilimchosha. Alirudi akalala bila kula. Lakini kabla ya kulala alipita bandani.

Jumamosi, Machi 22

Mvua imeanza kweli. Imepiga mabati tangu adhuhuri, hatusikilizani.

Kiu yake imezidi na msimu huu. Mimi nilidhani baridi itampunguzia, kumbe kuyaona na kuyasikia maji kila mahali kunamtesa. Leo nilimkuta amesimama dirishani, mdomo wazi kidogo, akiangalia mfereji ukifurika.

Mama Benta anauza soda na samaki, kwa hiyo ana friji. Wiki iliyopita friji hiyo ilimfia, Wabwire akaitengeneza akiwa amekaa chini sakafuni, hakutaka malipo. Sasa kila alasiri Mama Benta anamletea vipande vya barafu kwenye kikombe cha chai, amekifunika kwa kisahani. "Nyonya polepole, nyathina," anamwambia. Mwanangu. Tunakaribiana kwa umri huyu mwanamke nami, lakini anamwita mwanangu.

Nilimwambia asante, nikapokea kisahani.

Wandera amepiga simu. Barabara ina matope, atakuja mvua ikipungua.

Jumapili, Machi 30

Vifaranga wameota manyoya ya mbawa. Mvua.

Jumamosi, Aprili 5

Shule zimefungwa. Mvua. Wandera hakuja.

Ijumaa, Aprili 11

Wiki mbaya.

Jumatatu upepo ulipuliza mvua ikaingia bandani kupitia ubavu wa waya. Maranda yalilowa upande mzima. Wabwire aliyafinya, yakabaki donge. Nikaenda njia panda kutafuta gunia jingine. Fundi niliyemzoea alikuwa hajafungua, nikanunua kwa mwingine. Gunia lilikuwa kavu juu. Tulitandika, nikajiona nimefanya la maana.

Jana asubuhi vifaranga sita walikuwa wamekufa. Wengine walisimama na midomo wazi, shingo zimenyooka, wakivuta pumzi kwa shida, bila sauti yoyote. Ukimya ule ndio uliniogopesha. Nilifikiri ni ugonjwa uliotoka kwa kuku wa Mama Benta, nikaanza kumlaumu moyoni, hata kwa mdomo kidogo. Wabwire aliingia mwenyewe, akachota yale maranda chini kabisa, akayanusa.

"Dada, gunia hili ulilitoa wapi?"

Nilimwambia. Akanionyesha: katikati kulikuwa na unga wa kijivujivu, kama ule unaoota juu ya mkate uliosahaulika. Gunia lilinyeshewa, likavunda ndani. Vifaranga walikuwa wakivuta ukungu huo kila walipokwaruza.

"Ni kosa langu," nikasema.

"Ni mvua. Toa yote."

Nilimkataza kuingia, hakunisikia. Tulitoa kila kitu, tukasugua saruji, tukawaweka vifaranga jikoni kwangu ndani ya mabeseni. Mama Benta alikuja bila kuitwa, amefunga leso kiunoni, akabeba yale maranda mabovu mpaka mbali akayachoma. Kuhusu lile nililosema juu ya kuku wake, hakutaja. Nilijua amesikia, ukuta ni mfupi.

Tulipomaliza Wabwire alikaa kwenye kiti chake akiwa na mdomo wazi, shingo imenyooka. Nilimwangalia, kisha nikaangalia beseni, nikatoka nje kwenye mvua ili nisiendelee kuangalia.

Leo hospitalini daktari amemkemea kweli. Maji yamemjaa kifuani, na vumbi limemzidishia. Amekatazwa kuingia bandani.

Wamekufa kumi na moja kwa jumla.

Jumapili, Aprili 13

Tumehamia maganda ya mpunga. Yana vumbi kidogo kuliko maranda, na dada yake Mama Benta ameyakausha ndani ya ghala, hayajaona mvua. Kwa kuwa yanapitisha maji, Wabwire ameamua tuweke kwanza mchanga mkavu chini, maganda juu, na fundi mmoja wa mtaani ashushe turubai upande wa upepo. Yeye anakaa kwenye kiti karibu na tangi, leso puani, anatoa amri. Mimi ndiye ninayeingia.

"Ongeza kona ile. Si hapo, Dada. Pale karibu na maji yao ya kunywa. Hapo ndipo panapolowa kwanza."

"Nimeona."

"Hujaona, unanijibu tu."

Tulicheka. Ilikuwa siku nzuri.

Jumapili, Aprili 20. Pasaka

Kanisani nilimwombea Wandera apate nafasi. Mama alipiga simu kutoka Funyula, akatuimbia wimbo wa ufufuo mpaka mwisho, sauti yake bado iko. Akauliza, "Wandera amefika huko?" Wabwire akamjibu, "Yuko njiani, Mama."

Hakuwa njiani. Alisema mtoto wake ana homa.

Jumatatu, Aprili 28

Muhula umeanza. Darasa langu lina watoto wapya kutoka Pap Onditi, familia zao zimehama mafuriko. Wabwire amepungua uzito, lakini miguu imevimba, viatu havimwingii. Anavaa ndara za marehemu mume wangu.

Jumamosi, Mei 3

Wandera hakuja. Safari hii hakutoa sababu, na simu haikushikwa.

Jumatano, Mei 7

Majogoo wameanza kujifunza kuwika. Wanatoa sauti kama mlango mbovu. Wabwire amewapa majina ya madiwani.

Jumamosi, Mei 17

Wandera amekuja.

Nataka kuandika yote kama yalivyotokea, kwa sababu tangu jioni kichwa changu kinayabadilisha.

Alifika saa tano, amevaa viatu vya kanisani, vimejaa matope. Alileta mkate, majani ya chai na papai. Papai mgonjwa wa figo haruhusiwi, lakini nililipokea, nilifurahi mno. Nilimkumbatia kaka yangu nikamwambia maji ya kuoga yako tayari. Akasema hatakaa. Akauliza Wabwire yuko wapi.

Tulimkuta Wabwire nyuma, kwenye kiti chake. Nilikuwa nimeshatoa maganda machafu, gunia jipya limesimama mlangoni pa banda. Wandera alisalimia, akasifu kuku. Akauliza kwa nini tumeweka mchanga chini. Wabwire akamweleza kwa kirefu, maji yanashuka, juu kunabaki pakavu, harufu haipandi. Wandera alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno, na mimi nikaona kwamba machozi yanamtoka.

"Wabwire," akasema, "siwezi."

Hakuna aliyemwuliza hawezi nini.

"Nimejaribu. Haki ya Mungu nimejaribu. Kila nikifunga duka nije huku, miguu inakataa. Nawaza ile meza. Nawaza nalala hapo, nisiamke. Nina watoto wanne, ndugu yangu. Huyu wa mwisho bado ananyonya."

"Ulisema utampa," nikamwambia. "Ulisema mbele ya Mama. Mwezi wa kwanza mpaka leo! Tungejua mapema tungetafuta mtu mwingine."

"Najua."

"Hujui! Unajua yeye anakunywa maji kiasi gani kwa siku? Unajua?"

"Dada," Wabwire akasema.

Jogoo mmoja alijaribu kuwika, akashindwa. Wabwire akajisukuma kutoka kwenye kiti kwa mikono yote miwili, akasimama, akamwambia Wandera, "Shika huku kwa gunia. Mimi siruhusiwi kuingia. Mimina kuanzia nyuma uje mlangoni, usikanyage ulipokwisha kumimina."

Na Wandera akafanya. Mtu mzima mwenye duka, na viatu vya kanisani, aliinama ndani ya banda lile akamwaga maganda huku analia kwa sauti, na mdogo wake amesimama nje ya waya anamwelekeza. Kushoto. Hapo pamezidi. Vuta kidogo. Ilipokwisha Wabwire akamwambia, "Imetosha, kaka. Nenda, mvua haijaanza." Akampa mkono. Wandera aliushika kwa mikono yake miwili.

Alipoondoka nililitupa papai juu ya ukuta wa nyuma. Kisha nikamgeukia Wabwire kwa hasira yote.

"Unamshikisha gunia! Unamwambia imetosha!"

"Ulitaka nimfanye nini?"

"Mimi ningekuwa yeye, ningelala kwenye hiyo meza leo leo."

Akaniangalia kwa upole ambao sitausahau. "Pengine. Lakini wewe walikukataa mapema, Dada. Hukupata muda wa kuogopa."

Niliingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili, Mei 18

Wabwire ananiomba nisimwambie Mama kwamba Wandera alikataa. Alisubiri tumalize kula ndipo akasema.

"Atauliza," nikasema.

"Mwambie chochote. Mama alizaa saba, tumebaki watatu. Mimi nikiondoka, atabaki na nyinyi wawili. Usimpunguzie awe na mmoja."

"Huendi popote."

"Niahidi kwanza, halafu nisiende popote."

Nimeahidi. Daktari atamwandikisha upya, huenda akapatikana mtu.

Jumamosi, Mei 24

Mvua imepungua. Kuku wamenenepa. Kuna mmoja mwekundu anaruka kumkalia Wabwire magotini kila anapofunguliwa.

Yeye anazidi kuzungumza kidogo. Si hasira. Ni kama mtu anayeweka akiba ya pumzi.

Jumanne, Juni 3

Leo presha yake ilianguka akiwa kwenye mashine, wakamtoa kabla ya muda. Muuguzi akasema turudi Ijumaa kama kawaida, na akizidiwa tumlete mara moja. Nilitaka kuomba ruhusa shuleni wiki nzima. Wabwire akakataa: "Watoto wana mtihani. Mama Benta yuko ng'ambo ya ukuta."

Jumapili, Juni 8

Wabwire amefariki. Ilikuwa Alhamisi. Sikuweza kushika kalamu kabla ya leo.

Nilikuwa darasani, tunasahihisha insha pamoja. Mwalimu mkuu alifungua mlango, akanitazama, hakuniita kwa jina. Nilijua.

Mama Benta alikuwa amekaa chini kwenye veranda yangu, miguu imenyooshwa mbele, bila viatu. Majirani walikuwa wamejaa, na gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limefika likakuta hakuna wa kupelekwa. Waliniambia alikufa kwenye kiti chake nyuma ya nyumba. Walikuwa wamemlaza kitandani, wamemfunika. Nilimfunua. Uso ulikuwa umepumzika. Nilimvua zile ndara.

Mama Benta alisubiri mpaka watu walipopungua. Alinishika mkono akaniambia, na ninaandika maneno yake yalivyo.

"Aliomba maji. Aliniambia, Mama, leo nipe glasi moja, ijae. Si barafu. Nikamwambia hapana, daktari alikataza, Mwalimu atanigombanisha. Akacheka. Akasema, basi leta hiyo barafu yako. Nikaenda kwa friji, ni kutoka hapa mpaka hapo tu. Nikarudi amelala hivi, kichwa kwa bega. Nilifikiri ni usingizi. Nikamwambia, nyathina, barafu inayeyuka."

Akaanza kujipiga mapajani.

"Ningempa tu maji, Mwalimu. Si angekunywa tu. Ningempa tu maji."

Nilimkumbatia. Mwaka mzima nimekuwa nikimwita mmbea, na aliyekuwepo ni yeye.

Jumanne, Juni 10

Kuku walikuwa hawajafagiliwa tangu Alhamisi. Leo niliingia. Karibu na maji yao maganda yalikuwa yamelowa, harufu ya mkojo inapanda mpaka macho yanawasha. Nilichota, nikafinya. Donge. Nikatoa yote, nikamimina mapya kuanzia nyuma nikija mlangoni. Nilifanya kazi ile polepole sana, nikimsikiliza.

Alhamisi, Juni 12

Baba mdogo amepiga simu kutoka nyumbani. Mazishi ni Jumamosi, watu ni wengi. "Tumesikia marehemu alikuwa na kuku. Mje nao, waombolezaji wapate kula."

Nilimwambia sikusikia vizuri, nikakata simu. Nikaenda kwa Mama Benta nikamwuliza angefanyaje. Akasema, "Kuku ni zake. Na wageni ni zake." Kisha akasema, "Lakini si zote."

Tutapeleka majogoo. Mitetea inabaki, atailisha yeye. Tumewakamata jioni, wale madiwani wote, mimi nalia na Mama Benta anawafunga miguu kwa vitambaa, si kamba, ili wasiumie njiani. Mtu atakayechinjwa kesho kutwa, unajali asiumie njiani.

Jumatatu, Juni 16

Tumemzika. Udongo wa Funyula ulikuwa umelowa, kaburi lilibidi kuchotwa maji asubuhi. Mama alikaa karibu na jeneza na mkono wake juu ya kioo, akimwimbia kama alivyoimba Pasaka, ila sasa kwa sauti ya chini. Hakulia. Wanawake walilia badala yake.

Wandera aliongea kwa niaba ya familia. Suti nyeusi. Sauti ikamkatika mara mbili. Akasema, "Ndugu yangu Wabwire, ningekupa hata moyo wangu." Watu wakaguna kwa uchungu. Mama akatikisa kichwa, akainua mkono kumpa baraka.

Nilisimama. Sijui nilikuwa nataka kufanya nini. Nadhani nilitaka kupaza sauti, niseme aliombwa kitu kidogo kuliko moyo. Wandera aliniona. Aliishusha karatasi aliyokuwa akisoma, akaacha katikati ya sentensi, mbele ya watu wote, akinisubiri. Hakukimbia. Alisimama pale kama mtu anayengoja kupigwa.

Nikaketi.

Baadaye nilikwenda nyuma ya jikoni kutafuta pa kulia. Shangazi zangu walikuwa wamekaa wakinyonyoa wale majogoo, manyoya mekundu na meupe yametapakaa juu ya matope. Mmoja akaniambia kuku wa marehemu wana nyama safi, walilishwa vizuri. Nikamwambia ndiyo, na walilala vizuri pia. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Sikula.

Jumamosi, Juni 21

Mama amekuja Kisumu na mimi, kuchukua nguo za Wabwire. Leo asubuhi alitaka kuona banda. Nilimwekea kile kiti cha plastiki, akakataa, akasimama akishika waya. Mitetea ilikuwa ikikwaruza. Yule mwekundu alikuja akamwangalia Mama, akaona si yule aliyemzoea, akarudi.

"Haya ni maganda ya mpunga," Mama akasema.

"Ndiyo. Chini kuna mchanga. Yeye ndiye aliyeamua."

"Alikuwa mtu wa kufikiri sana." Akavuta pumzi, akaniita kwa jina langu. "Nasipwondi. Wandera alikuwa ampe figo. Ilikuwaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hili tangu Mei. Nilimwona Wandera ameinama ndani ya banda hili akilia. Nilimwona amesimama na karatasi. Nilitaka, kwa nguvu zangu zote, asibaki mtoto mzuri machoni pa mama yetu.

"Madaktari walikataa, Mama," nikasema. "Mwishoni. Walipima tena wakaona haimfai."

"Wandera alikuwa tayari?"

"Alikuwa tayari."

Mama akaegemeza paji la uso kwenye waya, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu nimpigie simu kumwambia Wabwire hayupo. Alilia kwa sauti mpaka kuku wakakimbilia kona ya nyuma na Mama Benta akachungulia ukutani, akaondoka.

"Namshukuru Mungu," Mama akasema alipoweza kusema. "Namshukuru Mungu. Nilikuwa naogopa kwamba alikataa."

Nikamshika mabega. Nikamwambia, hapana, Mama. Hapana. Nikarudia kumwambia mpaka akatulia, halafu nikampeleka ndani akanywe maji.